Maswali ya Wasomaji: Mwaka Umefika Katikati, Vitabu Vimebaki

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zimetoka kwa watu waliojiwekea ahadi mwezi Januari kwamba kabla mwaka haujaisha watakuwa wamesoma vitabu kadhaa, na ambao sasa, baada ya miezi sita, wanaitazama orodha yao kwa mashaka. Tumechagua sita na kuzifupisha kidogo bila kubadili maana.

Ndugu Mhariri, mwezi Januari nilianza changamoto ya kusoma vitabu 52, yaani kimoja kila wiki. Juni imekwisha nami nimemaliza 17 tu. Nilikwenda vizuri mpaka Machi, kisha kazi zikaniandama, nikaugua wiki mbili, na tangu hapo kila nikifungua kitabu najiona kama mtu anayelipa deni. Je, niongeze kasi, nipunguze idadi, au niache kabisa nianze upya mwakani? – Aliyebaki Nyuma

Ndugu yangu, kabla ya kuamua lolote tupige hesabu, maana ninavyoona mimi, kinachokutisha ni ukubwa wa jambo ambalo bado hujalipima. Umebakiza vitabu 35. Tukikadiria kwamba kila kimoja kina kurasa 220, una kurasa 7,700 mbele yako, na kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 31 Desemba kuna siku 184. Ukigawanya utaona kwamba unatakiwa kusoma kurasa 42 kila siku, bila kuugua, bila kusafiri na bila kupata mgeni. Sasa tazama ulikotoka: kwa makadirio hayohayo vitabu 17 ni kurasa 3,740, ambazo umezisoma kwa siku 181, yaani wastani wa kurasa 21 kwa siku, na ndani ya wastani huo zimo wiki mbili za ugonjwa pamoja na miezi yote uliyoiona kuwa mibaya. Kwa hiyo anayekuambia ukaze mwendo anakutaka, kwa kweli, usome mara mbili ya ulivyosoma, kila siku, kwa nusu mwaka mzima.

Huenda inawezekana, lakini usikubali wala kukataa kabla hujajua kurasa 42 zinakugharimu muda gani. Chukua kitabu ulicho nacho mkononi sasa, weka saa ilie baada ya dakika 20, usome kwa mwendo wako wa kila siku bila kujionyesha kwa mtu yeyote, kisha uhesabu kurasa ulizopita. Wengi hupata kurasa kama 10. Ukiwa miongoni mwao, kurasa 42 ni dakika 84 kwa siku, ilhali kurasa 21 ni dakika 42. Jiulize kwa unyofu ni dakika zipi kati ya hizo unazo katika siku ya kawaida, si katika siku ya mapumziko unayoiota. Nikikuamulia kwa takwimu zako mwenyewe, ningeandika 34 mahali palipoandikwa 52. Mwendo wako uleule wa nusu ya kwanza unatosha kukufikisha hapo, na hutakuwa umeacha changamoto bali umeisahihisha, kama afanyavyo fundi aliyegundua kwamba kipimo cha kwanza kilichukuliwa vibaya.

Kosa halikuwa la Machi, lilikuwa la Januari. Atakaye vitabu 52 kwa wiki 52 amepanga mwaka usio na homa, usio na msiba, usio na mwezi wa kazi nyingi, na mwaka wa namna hiyo sijawahi kuuona. Mimi hupanga kwa wiki 44, nikaziacha nane zilizobaki zijiendee zitakako. Zikija na nafasi, nafurahia; zikija na balaa, sina ninachodaiwa.

Jambo la pili, na hili ndilo ningependa uondoke nalo hata ukiyasahau mengine, ni kwamba kitabu ni kizio kibovu cha kupimia usomaji. Kimoja kina kurasa 96 na kingine kina 600. Kimoja unakipitia kwa alasiri moja na kingine kinakudai mwezi. Ila katika orodha yako kila kimoja ni alama moja tu. Matokeo yake ni kwamba mtu aliyesoma kwa bidii wiki tatu mfululizo ndani ya kitabu kinene huandika sifuri mara tatu, akajiona mvivu. Badili kizio, uhesabu dakika. Daftari lako liwe na tarehe, dakika na ukurasa ulioishia, na jina la kitabu kilichomalizika uliandike pembeni kwa wino mwingine ikiwa unalipenda. Na siku uliyokosa usiihamishie kesho, kwa sababu dakika 42 zinazogeuka 84, kisha 126, ndizo hasa zilizokufanya ujione unalipa deni. Siku iliyopita imepita, kesho inaanza na zake 42.

Kuhusu kuongeza kasi, usihangaike na wanaojinadi kwamba watakufundisha kumeza kurasa. Mwaka 2019 mtafiti wa Ubelgiji aitwaye Marc Brysbaert alizikusanya tafiti 190 zilizopima mwendo wa wasomaji, akaona kwamba mtu mzima anayesoma Kiingereza kimyakimya hupita wastani wa maneno 238 kwa dakika katika maandishi ya maarifa na 260 katika hadithi, kiwango kilicho chini ya kile ambacho wengi walizoea kukitaja. Tena takwimu hizo usizitumie kujilaumu unaposoma Kiswahili. Neno letu moja, *hawajatusomea*, Kiingereza hulihitajia maneno saba, hivyo msomaji wa Kiswahili anayepita maneno machache zaidi kwa dakika huenda amebeba mzigo uleule wa maana, au hata mkubwa zaidi.

Mpendwa Mhariri, mimi na dada yangu tunashindana mwaka huu na tumekorofishana. Yeye anahesabu vitabu vya kusikiliza, diwani nyembamba za mashairi, na hata kitabu alichokisoma zamani akakirudia. Mimi nasema huo ni udanganyifu. Nani yuko sahihi? – Mdogo Mtu

Mdogo wangu, waamuzi wa mashindano ya ndugu huishia kuchukiwa na pande zote mbili, lakini nitajaribu.

Ikiwa unatafuta mpaka uliowekwa na wakubwa, upo mmoja: mwaka 1964 UNESCO ilipotaka nchi zitoe takwimu za vitabu kwa njia inayolingana, ilipendekeza kwamba kitabu kihesabiwe kuwa ni chapisho lisilo la mfululizo wa muda, lenye kurasa zisizopungua 49 mbali na jalada. Kipimo hicho kiliwafaa watakwimu, lakini katika kusoma hakinisaidii hata kidogo. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, haufiki beti 100, na kila ubeti una mistari minne. Ukiuchapa peke yake, bila utangulizi wala maelezo, hauzijazi kurasa 49. Mwambie mtu ausome kama inavyostahili, asimame kwenye kila neno la Kiamu asilolijua, arudi nyuma kuona jinsi majumba yaliyokuwa yamejaa taa yalivyogeuka makao ya popo, kisha umuulize kama amesoma pungufu ya yule aliyemaliza riwaya ya upelelezi ya kurasa 300 kwa usiku mmoja. Kwa diwani, basi, dada yako ana haki.

Kwa vitabu vya kusikiliza pia nampa haki, kwa sharti moja. Msomaji wa sauti husoma kwa kawaida maneno 150 hadi 160 kwa dakika, kwa hiyo kitabu cha maneno 80,000 humchukua msikilizaji saa nane na nusu hivi, muda unaozidi ule wa kukisoma kwa macho. Huwezi kusema amekwepa kazi. Sharti langu ni kwamba awe amesikiliza. Kitabu kilichokuwa kikiongea chumbani huku yeye akizungumza na simu hakijasomwa, kama vile kitabu kilicholala wazi kifuani mwa mtu anayekoroma hakijasomwa.

Na kurudia? Hapo ndipo ninapokushangaa wewe, maana kukirudia kitabu ni usomaji wa hali ya juu kuliko wote: mara ya kwanza unakimbilia kujua nini kitatokea, mara ya pili unaona kilivyoandaliwa. Ila nawashauri mkubaliane kwa maandishi kabla ya kuendelea, kwa kuwa sheria iliyotungwa baada ya mtu kutangulia hufanana sana na wivu. Na kama mkikubali kupima kwa dakika, ugomvi wenyewe utakosa pa kukaa.

Mwanangu Mhariri, mimi ni mstaafu wa miaka 68. Nililelewa kuamini kwamba kilichoanzwa humalizwa. Tangu Aprili nimekwama katika kitabu cha historia chenye kurasa 500. Niko ukurasa wa 140, kinanichosha, na kwa kuwa sitaki kuanza kingine kabla sijakimaliza, sijasoma chochote kwa miezi mitatu. Changamoto yangu ya vitabu 20 imesimama kwenye cha sita. Nifanyeje? – Babu Mpenda Vitabu

Shikamoo, mzee wangu. Barua yako imenifurahisha kwa sababu jibu lake lina hesabu inayokuhusu wewe binafsi.

Mkutubi mmoja wa Marekani, Nancy Pearl, anajulikana kwa kanuni yake kwamba kitabu kipewe kurasa 50, na kisipokuvuta baada ya hapo, kiweke chini. Baadaye aliiongezea kifungu: aliyevuka miaka 50 atoe umri wake kutoka 100, na jawabu ndilo idadi ya kurasa anazolazimika kuzisoma kabla ya kuamua, kwa kuwa muda unazidi kuwa adimu na vitabu havipungui. Kwa umri wako, mzee wangu, ulikuwa na wajibu wa kurasa 32. Umekistahi kitabu hicho kwa kurasa 108 za ziada. Mwandishi wake hana cha kukulaumu.

Hata hivyo sitaki kukuruhusu kwa wepesi mno, kwani kuna kitabu kigumu na kuna kitabu kinachochosha, na mtu akiwa amechoka vyote viwili humpa usingizi uleule. Mimi huvitofautisha hivi: kitabu kigumu hunifuata. Nakifunga nikiwa na hasira, lakini nikiwa njiani au nikioga najikuta nabishana nacho. Hicho nakirudia, nikipunguza kurasa za siku, hata zikawa tano. Kitabu kinachochosha nikikifunga kimefungika, na kesho yake nahitaji kusoma upya ukurasa mzima ili nikumbuke nilikuwa wapi. Kama hicho chako ni cha aina hii ya pili, kiache bila kuomba radhi. Zile kurasa 140 zimekwisha kulipwa, na kuzisoma 360 nyingine hakutazirudisha.

Kwa kuwa ni kitabu cha historia, ipo pia njia ya tatu ambayo wasomaji wa riwaya hawana. Nenda kwenye yaliyomo, utafute sura mbili au tatu zinazohusu jambo ulilotaka kulijua ulipokinunua au ulipokiazima, uzisome hizo pamoja na sura ya mwisho, kisha ukirudishe rafuni. Watu wa kazi za utafiti husoma hivyo kila siku na hakuna anayewaita wavivu. Katika daftari uandike ukweli: jina la kitabu, "nimeishia ukurasa wa 140", na sababu kwa sentensi moja. Usikihesabu kuwa umekimaliza. Mimi mwenyewe mwaka huu nimeacha viwili, kimoja nikiwa nimebakiza kurasa 30, na orodha hiyo ya vilivyoachwa imekuwa ikinifundisha kuchagua kuliko ile ya vilivyomalizika.

Ombi la mwisho, kwa heshima: usikubali tena kitabu kimoja kishike mlango peke yake. Uwe na viwili vilivyofunguliwa, kimoja kizito cha asubuhi na kimoja chepesi cha jioni, ili siku kimoja kinapogoma kingine kiendelee.

Ndugu Mhariri, nimefika kitabu cha 23 kati ya 30, kwa hiyo kwa idadi niko mbele sana. Tatizo ni kwamba juzi rafiki aliniuliza kitabu cha tatu kilihusu nini, nikashindwa kusema. Nilikumbuka jalada tu. Je, nina tatizo la kumbukumbu? – Mbele kwa Idadi

Hapana, ndugu yangu, una tatizo ambalo ninalifahamu kwa sababu niliwahi kulitenda kwa makusudi. Desemba moja, miaka kadhaa iliyopita, nilibakiza vitabu sita na siku 19. Nikasimama mbele ya rafu, sikutazama majina wala waandishi, nikapitisha kidole juu ya migongo ya vitabu nikitafuta iliyo myembamba, nikachomoa sita. Tarehe 30 nilitimiza idadi. Leo hii nikikaa kukumbuka vitabu hivyo sita napata jalada moja la kijani na mwanamke aliyekuwa akisubiri barua, na wala sina hakika kwamba mwanamke huyo na jalada hilo ni vya kitabu kimoja.

Ipo kanuni iliyopewa jina la mchumi Mwingereza Charles Goodhart, ambaye mwaka 1975 aliandika kuhusu sera ya fedha kwamba kipimo kinachotegemewa huharibika pale kinapoanza kutumiwa kama chombo cha kuongozea mambo. Watu wameihamishia kila mahali, na kwenye changamoto ya usomaji inakaa bila kulazimishwa: idadi ya vitabu ilikuwa dalili nzuri ya mtu anayesoma, mpaka mtu huyo alipoanza kusoma kwa ajili ya idadi. Kitabu kikikaribia mwisho macho yanaanza kukimbia, si kwa sababu hadithi imenoga, bali kwa sababu alama inakaribia kuandikwa.

Kuhusu kumbukumbu yenyewe, kusahau ni jambo la kila mtu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanya yeye mwenyewe kuwa mtu wa majaribio na kuchapisha matokeo yake mwaka 1885, alipoteza zaidi ya nusu ya alichojifunza ndani ya saa moja, ingawa ni haki tuseme kwamba alikuwa akikariri silabi zisizo na maana, na hadithi yenye maana hudumu zaidi ya hapo. La kukufaa wewe ni jaribio la karibuni zaidi. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi kifungu cha habari: wengine wakakisoma mara ya pili, wengine wakakifunika na kujaribu kukiandika kwa kukumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye walikuwa nyuma, tena kwa tofauti kubwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Ukimaliza sura, funga kitabu huku kidole kikiwa ndani, utazame ukutani, ujieleze mwenyewe kwa sentensi mbili au tatu kilichotokea na nani alitaka nini. Utagugumia mara ya kwanza. Kugugumia huko ndiko kunakofanya kazi, kwa hiyo usiharakishe kufungua kitabu kutafuta jibu. Ukimaliza kitabu kizima, chukua karatasi ya ukubwa wa kiganja, uandike mambo matatu bila kukifungua: kilihusu nini, sentensi au tukio moja lililokukera au kukupendeza, na swali moja lililobaki. Karatasi ndogo ni bora kuliko kubwa kwa sababu kubwa inakuita uandike insha, na insha utaiandika mara mbili tu kisha utaiacha. Ichomeke ndani ya jalada la nyuma. Baada ya mwezi, kabla ya kuitazama, jaribu tena kukumbuka.

Na kwa kuwa uko mbele kwa idadi, una anasa ambayo wenzako waliotuandikia mwezi huu hawana. Simamisha hesabu. Rudi kwenye kitabu cha tatu.

Mhariri, shikamoo. Mimi husoma kitandani usiku kwa sababu ndio muda wangu pekee wa utulivu. Kila siku nasinzia kwenye ukurasa wa tatu. Nimejaribu kusoma nimekaa, nimejaribu kunawa uso. – Msinziaji

Marahaba, mwanangu. Kitanda kimeshafundishwa kazi yake na hakitabadilika kwa ajili yako. Uache usiku kwa kitabu unachokipenda tu, kisichohesabiwa, na utafute dakika 15 mahali pengine.

Usijiambie "nitasoma nikipata nafasi", kwani nafasi haina saa. Ufunge usomaji kwenye jambo ambalo tayari hulikosi kila siku: "nikishaketi kwenye gari asubuhi, nafungua kitabu", au "nikishavua viatu jioni, nasoma kabla sijagusa simu". Mwanasaikolojia Mjerumani Peter Gollwitzer ameutetea kwa miaka mingi mpango wa namna hii wa "likitokea hili, nitafanya lile", kwamba humfikisha mtu kwenye lengo kuliko nia tupu. Simu na iwe chumba kingine, si chini ya mto, wala si mezani ikiwa imelazwa kifudifudi.

Usivunjike moyo ikichelewa kuzoeleka. Watafiti wa chuo cha University College London wakiongozwa na Phillippa Lally walichapisha mwaka 2010 utafiti uliofuatilia watu 96 waliokuwa wakijizoeza jambo jipya la kila siku. Ilichukua siku 66 kwa mtu wa kati hadi jambo lifanyike bila kulazimishwa, lakini wengine walikadiriwa kuhitaji siku 18 na wengine 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu kitu cha maana. Siku ya kwanza iliyokosekana haina neno. Mimi huilinda ya pili.

Ndugu Mhariri, nina riwaya moja ya kurasa 900 ambayo nimeitamani miaka mingi, lakini kila mwaka naiahirisha kwa kuwa itanila miezi miwili na kuniharibia idadi. Naweza kuiingiza bila kuanguka? – Mwenye Tofali

Unaona sasa kizio kibovu kinavyomzuia mtu asisome kitabu anachokitamani kuliko vyote! Ukishahamia kwenye dakika, kitabu hicho hakina adhabu tena, lakini kama bado unapenda kuhesabu vitabu, kigawe na ujipe alama moja kwa kila kurasa 250. Hakuna atakayekushtaki.

Kisha usikisome kama mtu anayepanda mlima kwa pumzi moja. Riwaya nyingi nene za karne ya 19 hazikuandikwa zimezwe hivyo. Wasomaji wa kwanza wa Charles Dickens, kuanzia mwaka 1836, walipata riwaya zake kadhaa kwa sehemu za kurasa 32 zilizotoka mara moja kwa mwezi, na riwaya moja iliweza kuwachukua mwaka na nusu. Walikuwa na mwezi mzima wa kubishana kuhusu wahusika kabla ya sehemu nyingine kufika. Wewe jipe kurasa 10 kwa siku, ambazo ni dakika 20 hivi, na riwaya itakwisha kwa siku 90. Bandu bandu huisha gogo. Dakika zinazobaki zipe vitabu vyembamba vinavyopishana pembeni. Andika majina ya wahusika ndani ya jalada la mbele kadiri wanavyoingia, na mbele ya kila jina uhusiano wake na mmoja unayemjua tayari, maana kinachowaangusha watu kwenye ukurasa wa 200 huwa si urefu wa kitabu, bali ni shemeji aliyetajwa mara moja kwenye ukurasa wa 31 na sasa amerudi na bastola.

Unaogopa kwamba utaanza Julai na Desemba itakukuta njiani. Ikikukuta, weka kipande cha karatasi mahali ulipofika, uandike kwenye daftari "ukurasa wa 610", na tarehe 1 Januari uendelee na wa 611.